Gari likitetemeka barabara kuu, tuulize kwanza linatetemeka lini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na madereva, wamiliki wa magari na mafundi wenzetu wa Mwanza na wilaya zinazozunguka ziwa. Lipo tatizo moja linalowamaliza watu fedha bure: gari linalotetemeka likiwa katika mwendo wa barabara kuu, likatulia lenyewe, likarudia siku nyingine. Mjini halina neno. Ukishaipita Usagara au Kisesa ukafikisha kilomita 90 kwa saa, usukani unaanza kutikisika mkononi. Ukilipeleka gereji, fundi analizungusha mtaani kwa 40, anarudi anakwambia gari ni zima.

Baada ya hapo huanza kukisia. Leo shokapu, wiki ijayo bushi, mwisho wa mwezi tairodi, na mtetemo uko palepale. Sisi tunaofanya kazi ya magurudumu, breki na miguu ya gari tunaona magari ya aina hii kila wiki, mengine yakiwa na vipuri vipya vitatu au vinne ambavyo havikuhitajika. Mtetemo wa kuja na kuondoka hunaswa kwa swali moja: unatokea lini? Na mwenye jibu la swali hilo ni dereva.

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025. Zamani kivuko kilikuwa kinalipumzisha kila gari. Lilikaa foleni, likavushwa limezimwa, breki na matairi yakapoa. Leo gari linatoka Mwanza linaingia Geita bila kuzima injini, na hitilafu zinazozaliwa na joto, ambazo foleni ya Kigongo ilikuwa inazikatisha, zinapata muda wa kukomaa njiani. Kwa hiyo dereva anayesema "linaanza nikishapita Sengerema" ametoa taarifa yenye thamani kuliko anayesema "linatetemeka tu". Ametuambia kwamba gari linahitaji kupata moto ndipo litetemeke. Hapo nusu ya vipuri vinavyoshukiwa vimeshaondoka kwenye orodha.

Tueleze kwanza kwa nini mwendo wa barabara kuu. Tairi la 195/65R15, ambalo magari mengi madogo hapa yanalitumia, lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Upande mmoja wa rimu ukiwa na uzito wa ziada wa gramu 30 tu, uzito huo kwa kasi hiyo unavuta kama mzigo wa kilo 4 na nusu, unaohama juu, chini, mbele na nyuma mara 14 kwa sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa mvuto huo ni kilo moja na kidogo, kwa sababu kasi ikipungua nusu, nguvu inapungua mara nne. Ndiyo maana kuzunguka mtaani hakuonyeshi kitu.

Jambo la pili, mguu wa gari wenyewe, yaani gurudumu na springi yake, una mdundo wake wa asili ambao kwa magari madogo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Gurudumu likizunguka kwa mdundo huohuo, mtikisiko unakuzwa. Ukilizidisha mwendo, linaupita. Hivyo gari linaweza kuwa tulivu kwa 70, likatetemeka kati ya 85 na 110, likatulia tena kwa 120. Dereva asidanganyike kwamba dawa ni kukimbia zaidi. Nguvu inayogonga beringi na boli jointi kwa 120 ni kubwa kuliko ile ya 100, ila tu haifiki mikononi.

Kuna hali nyingine inayowachanganya hata mafundi wazoefu: mtetemo unakuja kama wimbi, sekunde kadhaa upo, sekunde kadhaa haupo, barabara imenyooka na mwendo ni uleule. Hapo mara nyingi magurudumu mawili ya mbele yote hayana balansi, yaani uzito wake haujalingana pande zote. Hayazunguki sawasawa kabisa, kwa sababu upepo na ulaji wa matairi hutofautiana kidogo, na kila kona gurudumu la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Uzito wa kushoto na wa kulia ukiwa juu kwa pamoja, mtikisiko unajumlika. Mmoja ukiwa juu na mwingine chini, sehemu kubwa inafutana. Dereva wa namna hii husema kweli akisema "lilikuwa linatetemeka, nikapita kona likaacha". Asionekane mzushi.

Sasa kipimo chenyewe. Kinahitaji watu wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kuandika, na kipande cha lami nzuri iliyonyooka isiyo na matuta wala makazi. Baada ya Usagara kuelekea Misungwi vipo, na kuelekea Magu vipo. Mahali penye alama ya 50 si mahali pa kupimia. Lami iliyokatika au yenye michirizi ya kuamsha madereva itakufanya ulaumu gari lisilo na kosa, hivyo rudia kipande kilekile kwa kwenda na kurudi.

Kabla hujatoka, osha magurudumu, na osha kwa ndani pia. Hili tunalitilia mkazo kwa sababu ya udongo wetu. Ule udongo mweusi wa mbuga wa Misungwi na Magu, mvua ikinyesha, unajibandika ndani ya rimu na kukauka mgumu kama tofali. Ingiza mkono nyuma ya rimu: utakuta bonge limekaa upande mmoja, lenye ukubwa wa kiganja, na likipimwa kwenye mizani linazidi gramu 100. Kipande kikidondoka njiani, balansi inabadilika. Ndiyo gari lililotetemeka Jumatatu likawa zima Jumatano, na mwenye gari akaamini shokapu mpya zimeliponya. Tumia mti au bisibisi iliyofungwa kitambaa kubandua, kisha maji. Angalia hapohapo kama risasi za balansi (vipande vidogo vya uzito vinavyowekwa kwenye rimu) zipo. Za kubandika kwa gundi huchomoka zikipigwa maji ya nguvu karibu sana, na huacha alama ya mstatili safi kwenye rimu. Ukiona alama hiyo na risasi haipo, umeshapata mshukiwa wa kwanza.

Pima upepo matairi yakiwa ya baridi, kabla ya safari, kwa kipimo kinachoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kubonyeza tairi kwa mguu si kipimo. Kisha kaza nati zote.

Mkiwa barabarani, shikeni mwendo wa 60 kwa nusu dakika, halafu 80, 90, 100, mwandishi akiandika kila hatua: mtetemo upo au haupo, unasikika wapi, gari limeshakwenda kilomita ngapi tangu liwashwe, limebeba nini. Mtetemo unaoshika usukani kwa kawaida unatoka mbele. Unaotikisa kiti na sakafu huku usukani umetulia unatoka nyuma, au kwenye propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma) kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwandishi aangalie pia maji kwenye chupa iliyowekwa kwenye kishikio katikati ya viti. Jicho huona mtikisiko mdogo ambao mkono umeshauzoea.

Mtetemo ukiwa umekolea, achia mafuta polepole bila kugusa breki. Ukiendelea vilevile wakati gari linaserereka, tatizo liko kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu. Ukikatika mara tu mguu unapoondoka kwenye mafuta na kurudi ukikanyaga, tatizo liko kwenye kitu kinachobeba nguvu ya injini. Ukitaka uhakika, rudisha gia huru kwa sekunde chache barabara ikiwa tupu, injini ikiwa inaendelea kuunguruma. Usizime ufunguo kamwe gari likiwa kwenye mwendo: msaada wa usukani unakatika, wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na kwenye magari mengi ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho usukani unajifunga. Kisha simama pembeni, pandisha injini kwenye mizunguko ileile iliyokuwa kwenye dashibodi wakati wa mtetemo. Ikitetemeka hapo gari likiwa limesimama, magurudumu hayahusiki kabisa.

Mwishowe kanyaga breki taratibu kutoka 100 hadi 60. Mtetemo unaozaliwa au kuongezeka kwa breki una njia yake, tutaufikia.

Mkisimama, kabla ya jambo lolote, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana, na mawili ya nyuma vivyo hivyo. Moja likikuchoma kwa mbali wakati mwenzake ni vuguvugu, breki ya gurudumu hilo haiachii. Hiki ni kipimo cha bure na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, kwa sababu gari likifika gereji baada ya saa mbili limeshapoa na ushahidi umeondoka.

Tukianza na breki hiyo isiyoachia: kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye disiki) za magari mengi hutembea juu ya pini mbili zenye grisi, zikiwa zimefunikwa na vifuko vya mpira. Kifuko kikichanika, vumbi na maji vinaingia, pini inakauka na kushika kutu. Dereva akikanyaga breki pedi zinabana. Akiachia, kalipa hairudi vizuri, pedi moja inaendelea kusugua disiki. Kilomita 20 au 30 za kwanza hakuna kitu. Kisha disiki inapata moto usio sawa, inajipinda kidogo sana, na usukani unaanza kutikisika bila kukanyaga chochote. Ukisimama ukanywa chai, gari linapona. Dalili zake nyingine ni pedi ya ndani kuisha kabla ya ile ya nje, gari kuvuta upande mmoja, na rimu moja kuwa na vumbi jeusi kuliko wenzake. Dawa yake ni kufungua kalipa, kusafisha pini mpaka zing'ae, kupaka grisi ya breki inayostahimili joto (grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira), na kubadilisha vifuko. Pini iliyoliwa na kutu ibadilishwe. Kama pistoni ya kalipa ndiyo imekwama, haitarudi ukiisukuma kwa kibano, na hapo inahitaji mipira mipya au kalipa nyingine.

Disiki inayotikisa wakati wa kukanyaga breki tu ni suala tofauti. Kwa magari mengi madogo, uso wa disiki ukizungushwa mbele ya geji ya mshale haupaswi kuyumba zaidi ya milimita 0.05, yaani karibu unene wa unywele mwembamba. Kabla ya kuipeleka kuchongwa, ivue, piga brashi ya waya kwenye uso wa habu (kitovu kinachoshika gurudumu) inapokalia, irudishe, pima upya. Kutu iliyobanwa katikati yao inaifanya disiki nzima ikae mshazari. Na disiki ikishafika unene mdogo kabisa uliochongwa ukingoni mwake, haichongwi tena, inabadilishwa.

Tuje kwenye matairi, ambako ndiko kwenye kesi nyingi zaidi na kwenye hatari kubwa zaidi.

Tairi linaloanza kuachana tabaka ndani hutoa mtetemo unaokuja na joto na mzigo. Asubuhi ni zima. Baada ya kilomita 50 likiwa limebeba abiria, linaanza kupiga. Baada ya wiki chache linapiga hata kwa kilomita 30 kwa saa, kama gari linachechemea. Liinue kwa jeki na stendi, lizungushe kwa mkono polepole huku umeweka kipande cha waya au chaki iliyoshikwa imara ikikaribia kugusa uso wa tairi. Pengo likibana mahali pamoja kila mzunguko, hapo pana nundu. Pitisha kiganja pia mbavuni, nje na ndani, kwa sababu uvimbe wa upande wa ndani hauonekani gari likiwa chini. Tairi la namna hii halifanyiwi balansi. Wapo wanaolibandika risasi mpaka mashine inasoma sifuri, na kweli linasoma sifuri, lakini balansi hupima uzito na ubovu wake ni wa umbo. Toa, tupa, usiliweke hata kama akiba, kwa sababu hatua yake inayofuata ni kupasuka kwenye kasi.

Soma umri wake. Mbavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari mengi yanayokuja yametumika Japani hufika na matairi yenye kashata (mistari inayoshika barabara) nzuri lakini mpira wake umeshazeeka. Kashata nene isikufanye uliamini tairi. Ukiona nyufa ndogondogo katikati ya mistari yake, lishuku hata kama halijavimba.

Kuna sababu moja ambayo fundi wa balansi anaweza kuhangaika nayo siku nzima: kimiminika ndani ya tairi. Dawa ya pancha ya kumimina, au maji ya sabuni yaliyobaki wakati wa kuvalisha, au maji yaliyopulizwa na kompresa isiyotolewa maji yake kila asubuhi. Gari likisimama, kimiminika kinakaa chini. Likianza safari, kinasambaa vibaya, baadaye kinatawanyika sawasawa na mtetemo unaisha, mpaka likisimama tena. Kwenye mashine ya balansi dalili yake haikosei: zungusha gurudumu mara tatu bila kugusa kitu, na kila mara mashine itakuonyesha gramu tofauti na mahali tofauti. Hapo acha risasi. Vua tairi, lifute likauke, ziba pancha kwa kiraka cha ndani.

Na kuna lile lisilo ubovu. Gari lililoachwa mjini wiki nzima mwenyewe akiwa amevuka kwenda Ukerewe, matairi hubonyea pale yalipogusa ardhi, hasa kama upepo umepungua. Kilomita 10 au 20 za kwanza litapiga, kisha litanyooka lenyewe. Litofautishe na lile la breki: hili hupona kwa joto, lile la breki huugua kwa joto.

Sasa tuseme kuhusu kazi yetu wenyewe ya balansi, maana hapa mafundi tunastahili kuambiwa. Gurudumu huwekwa kwenye mashine likiwa safi, risasi zote za zamani zimetolewa, koni ikiingia kutokea upande wa ndani wa rimu. Baada ya kupata sifuri, legeza, geuza gurudumu nusu mzunguko juu ya shafti ya mashine, kaza, zungusha tena. Likisoma zaidi ya gramu 10, maana yake halikukaa katikati na sifuri ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, na mteja ana haki ya kuomba kifanyike mbele yake. Gari dogo likidai zaidi ya gramu 100 upande mmoja, chunguza rimu kama imepinda na tairi kama ni la mviringo kweli, kabla ya kuendelea kubandika.

Magurudumu yakishabalansiwa vizuri, yanaweza kuharibiwa tena wakati wa kuyafunga. Uso wa habu ukiwa na kutu au udongo wa unene wa milimita 0.1 upande mmoja, gurudumu linakaa mshazari, na kwenye ukingo wa tairi kosa hilo linakuwa karibu milimita 0.4. Kila linapofunguliwa na kufungwa, linakaa tofauti. Basi mtetemo unaonekana kutokea "baada ya pancha", au kuondoka "baada ya pancha", na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Brashi ya waya, sekunde 30 kwa kila habu, yatosha.

Spoti rimu zina mtego wake. Tundu la katikati la rimu asili ya IST, Vitz au Corolla nyingi lina kipenyo cha milimita 54.1, linaingia habu bila kucheza, na habu ndiyo inayoliweka gurudumu katikati. Harrier na RAV4 ni 60.1. Rimu nyingi za kununua zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi, na bila pete ya kujazia nafasi hiyo gurudumu linategemea nati peke yake likae katikati. Nati nazo zina aina. Rimu nyingi za aloi zinazotoka na Toyota kiwandani hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Spoti rimu nyingi hutaka nati yenye kichwa cha koni. Ukichanganya, nati inakaza kwa kugusa ukingo tu, inaonekana imekaza, na baada ya kilomita kadhaa inalegea. Huu ni mtetemo wa kuogopa, unaoongezeka siku hadi siku na kuandamana na mlio wa kugonga mwendo ukiwa mdogo. Simama uangalie.

Kukaza nati kwa mashine ya upepo mpaka inyamaze, au kwa bomba refu na kuruka juu yake, kunavuta stadi (skrubu zinazofungwa nati) na kupinda disiki. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka niutoni mita 103, sawa na kuning'iniza kilo 21 mwisho wa spana ya nusu mita. Kaza kwa kupishana, nati moja kisha ya upande wa pili, gurudumu likiwa hewani kwanza, halafu malizia likiwa limegusa chini. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Gereji inayogusa magurudumu ya watu bila spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) ianze na kuinunua hiyo.

Kama bado hujajua ni gurudumu au ni gari, hamisha. Ya mbele yapeleke nyuma, upande uleule, ya nyuma yalete mbele, rudi kipande kilekile. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, ni gurudumu. Ukibaki usukani, magurudumu yote manne hayana hatia na sasa ndipo zamu ya mguu inafika. Usipime kwa lile tairi dogo la akiba, halikutengenezwa kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Kwenye mguu, gari likiwa kwenye stendi, shika gurudumu juu na chini utikise: likicheza, ni beringi ya habu au boli jointi. Shika kushoto na kulia: ni tairodi. Beringi huvuma pia, na mvumo hubadilika ukipinda taratibu, kwa kawaida ukizidi gari likielemea upande wake. Tuseme ukweli kuhusu shokapu na bushi: vyenyewe havianzishi mtetemo wa 100. Vinaacha mtetemo mdogo wa gurudumu uonekane mkubwa. Ukivibadilisha peke yake, dalili inapungua kwa miezi michache kisha inarudi.

Kwa mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kuacha ukiachia, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linayumba mabega kushoto na kulia hasa likipanda mlima likiwa na mzigo: angalia jointi ya ndani ya draivu shafti, ile ya upande wa gia boksi. Ikiwa imetapanya grisi, chumba chake mara nyingi kimeshachimbika, na grisi mpya haitakijaza. Hiace na wenzake wenye propela shafti hutoa mtetemo wa aina nyingine. Shafti inazunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo badala ya mpigo wa 14 unasikia mvumo wa mara 50 na zaidi kwa sekunde unaotia ganzi miguuni. Ukitokea tu gari likiwa limejaa makasha ya samaki na barafu, usishangae: mzigo umeshusha nyuma, pembe za krosi (viungo vya shafti) zimebadilika, na krosi kavu au senta beringi iliyolegea mpira imejitangaza. Weka alama ya rangi kwenye flenji kabla ya kuishusha shafti, irudi kama ilivyokuwa. Ikirudishwa imegeuzwa, mtetemo mpya unaweza kuzaliwa pale ambapo haukuwepo.

Gari la otomatiki linaloruka kama limepita juu ya mawe madogo kati ya 60 na 80, mafuta yakiwa yamekanyagwa kidogo, lipimwe hivi: mguu wa kulia ubaki ulivyo, wa kushoto uguse breki kidogo kabisa. Kuruka kukikatika papo hapo, ni klachi ya ndani ya konveta (kiunganishi cha injini na gia boksi) inayoteleza. Anza na kubadilisha haidroliki (mafuta ya gia boksi), kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ile iliyopo dukani. Injini inayokosa moto kwenye koili moja nayo hutikisa ikielemewa, lakini huwasha taa kwenye dashibodi na mashine ya kusomea hitilafu itakutajia silinda.

Dereva anayefika gereji akiwa na karatasi imeandikwa "usukani, 90 hadi 105, baada ya kilomita 30, unaendelea nikiachia mafuta, rimu ya kulia mbele ni ya moto" ameshafanya sehemu kubwa ya uchunguzi, na fundi anayempokea anapaswa kuisoma karatasi hiyo kabla ya kushika spana, na kupanda gari naye kwenda kipande kilekile. Mtetemo ukikua ndani ya safari moja, au ukiambatana na mlio wa kugonga, harufu ya kuungua au gari kuvuta upande, safari hiyo isimamishwe hapohapo, pembeni mwa barabara, taa za hatari zikiwaka na pembe tatu ikiwa imewekwa nyuma ya gari, nati zikaguliwe na matairi yapapaswe kabla ya kwenda mita nyingine moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa magurudumu na breki,
Igoma, Mwanza